Pimbi na Ndege ya Urithi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana ndege za injini zilikwishaanza kuruka, wanyama walikuwa na shirika lao la ndege. Mwenye shirika alikuwa Bwana Kiboko. Marubani walikuwa wawili: Kapteni Nyati na msaidizi wake Pimbi, ambaye alikalia mito mitatu ndipo aone mbele.

Shirika lilikuwa na ndege mbili. Mpya ilikwenda nchi za mbali, na rubani wake alirudi nyumbani baada ya mwezi. Ya zamani ilikwenda Ziwa Saba asubuhi, ikarudi kabla ya chakula cha jioni.

Mchoro wa hiyo ya zamani aliuchora babu yake Kiboko, ukutani, kwa mkaa. Juzi Kiboko akaifungia injini mpya, kubwa mno kwa mabawa yale. Tangu hapo ikiruka tu, pua inapanda yenyewe, vuuup! Marubani huisukuma chini mpaka majasho yawatoke.

"Huu ni mchoro uliozoeleka," alisema Kiboko, akalipiga bawa kofi la mapenzi. Kwaruu! Kipande kikaanguka. "Hicho hakikuwa na kazi. Sasa sikilizeni. Mkikubali kwenda Ziwa Saba mwaka mzima, mshahara mara mbili. Na kila jioni mko kwenu. Kesho asubuhi tunasaini."

Nje, Nyati alikuwa ameshakubali.

"Mara mbili, Pimbi! Na nitalala kwangu!"

"Na pua, Kapteni?"

"Tutaisukuma. Mimi nina shingo."

"Na siku ukiwa na mafua?"

Nyati akafikiri. "Mara mbili, Pimbi," akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Pimbi hakumcheka. Alikuwa na watoto wanne, na aliporudi kutoka nchi za mbali yule mdogo alimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Ilimuuma sana. Naye alitaka kurudi kwake kila jioni, ila alitaka kurudi mzima.

Alasiri ile akaenda kwa mama yake Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kukupa hongera. Mwanao anaisifu ndege ya babu, hata anatuongeza mshahara tuirushe. Nikakumbuka dada yako yuko Ziwa Saba."

Bi Mkubwa akaweka mwiko chini. "Zuhura wangu! Miaka tisa sijamwona! Mbona mwanangu hakuniambia?"

"Pengine ana mambo mengi," alisema Pimbi, akamsaidia kukanda unga wa maandazi.

Asubuhi Bi Mkubwa akafika kiwanjani na kikapu, kanga mpya, na majirani sita wa kumsindikiza. Kiboko alikuwa anamwonyesha Nyati pa kusaini. Kalamu ikamponyoka, tak!

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Kwa ndege hii unayoisifu."

"Hii? Hii usipande, Mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

Majirani wakasogea. Nyati akasogea. Pimbi akatazama mawingu.

"Imechoka," alisema Kiboko.

Bi Mkubwa akamgeukia Nyati. "Wewe mama yako yupo?"

"Yupo, Bi Mkubwa."

"Na wewe?"

"Yupo," alisema Pimbi. "Kila siku huuliza nitarudi saa ngapi."

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Aliketi chini katikati ya kiwanja, pu! "Basi nitapanda ile mpya. Leo, na kila siku nitakapotaka."

"Ile ni ya nchi za mbali, Mama!"

"Nchi za mbali hazina dada yangu."

Pimbi akaokota kalamu, akampa Kiboko kwa mikono miwili. "Na mkataba, Bwana? Umeandikwa Ziwa Saba, mshahara mara mbili. Ndege haikutajwa."

"Saini, mwanangu," alisema Bi Mkubwa. "Jua linapanda."

Kiboko akasaini.

Ndege mpya ikapaa, vuuu, pua imetulia. Nyati alikaa tayari kuisukuma mpaka walipotua, kwa mazoea. Ile ya urithi walipewa kuku, nao wanalala chini yake, ndani hawataki.

Jioni Pimbi akapiga hodi kwake, ko ko ko. Siku ya kwanza yule mdogo alimwita mjomba. Ya tatu akamwita baba.

Basi, watoto wangu, mtu akikusifia chombo chake, muulize kwanza kama mama yake atakipanda.