Pera Lililoiva Bila Moshi

Hapo zamani, zama zile mtu akiumwa na tumbo humsingizia jirani, ulikuwapo mji uitwao Shundwe, na mtawala wake alikuwa Sultani Zubeiri. Sultani huyo alikuwa na moyo mwema na tumbo kubwa, na haki ya Mungu ilikuwa shida kujua ni kipi kati ya viwili hivyo kilichotawala mji.

Ikawa siku moja alasiri Sultani akatamani maembe mabichi, yale machanga yanayokwaruza meno, akayachovya katika chumvi na pilipili, akala sinia zima. Jioni yake wakaja wageni wa heshima kutoka mji wa jirani, na katikati ya dua, watu wote kimya na viganja wazi, tumbo la Sultani likaunguruma, kisha likasema neno ambalo tumbo halipaswi kulisema mbele za watu. Wageni wakaitikia "Amina" kwa adabu. Sultani akatahayari mpaka masikio yakamwaka.

Kulipokucha akamwita Waziri Burhani, akanena kwa hasira, "Tangu leo asile mtu kitu kibichi katika mji wangu. Kila kiliwacho, kiive kwanza!"

Hayo ndiyo aliyoyasema Sultani, wala hakuongeza. Lakini Waziri Burhani alikuwa mtu wa kutia chumvi, na maneno ya bwana wake hayakupata kumtoka mdomoni kama yalivyomwingia sikioni. Akampa amri mpiga mbiu, naye akazunguka mitaani akilia, "Enyi watu! Sultani amesema asile mtu kitu kibichi! Kila kiliwacho kiive! Kisichopita jikoni ni cha mbuzi, na atakayekila atafungwa kamba kama mbuzi!"

Basi mji ukaingia jikoni. Watu wakachemsha machungwa, wakakaanga matango, tikiti maji likatiwa nazi na bizari, na kachumbari ikawekwa motoni ikawa uji usiojulikana ni wa nini. Mama mkwe mmoja aliandaliwa mchuzi wa mapapai, akauonja, akavaa viatu akaondoka bila kuaga, na mpaka leo ukoo ule hausemezani. Kuni nazo zikawa adimu, kwa kuwa jiko la Sultani peke yake liliwaka tangu alfajiri hata isha. Msitu wa karibu ulipokwisha, Waziri akasema, "Matunda mabichi hayaliwi tena, basi miti ya matunda ya nini? Ikatwe iwe kuni."

Sasa katika mji ule alikuwapo fukara mmoja jina lake Kombo, ambaye watu walimwita Chechele, kwa sababu maneno yote aliyachukua kama yalivyo. Ukimwambia ashike adabu, atakuuliza iko wapi aishike. Hakuwa na mali ila kiunga kidogo pembezoni mwa mji, penye mipapai, migomba, mchungwa mmoja na matuta ya mboga, na katikati yake ulisimama mpera mkubwa. Chini ya mpera ule ndipo mama yake, Mungu amrehemu, alipokizika kitovu chake siku alipozaliwa. Kombo alikuwa mtu wa mzaha, lakini mpera ule aliupenda kupita kiasi, na kila aliposikia shoka likilia mahali, moyo ulimwuma.

Asubuhi moja mkewe, Mize, mwanamke mwenye ulimi usiolala, akarudi kisimani na habari.

"Umesikia? Wanasema Sultani amefunga choo."

"Amekifunga? Kwa nini, anamzuia nani?"

"Tumbo lake, ewe chechele! Hajaenda haja siku nyingi. Anakula nyama na biriani na halua, tena vyote vya motoni, na tumbo limegoma. Matabibu wote wanaijua dawa, ila nani atamwambia Sultani ale vibichi, na kamba ya mbuzi ipo?"

"Kama choo kimefungwa, na utafutwe ufunguo," akasema Kombo, akanyoosha mkono, akachuma pera la manjano, akaling'ata.

Ndipo Waziri Burhani akatokea uani pamoja na askari wenye mashoka, maana siku ile ilikuwa zamu ya kiunga cha Kombo kuwa kuni.

"Mkamateni!" akapiga kelele Waziri. "Kitu kibichi kimo mdomoni mwake, hata hajakimeza!"

Kombo akameza. Wakampeleka hivyo hivyo mpaka barazani kwa Sultani, Mize akiwafuata nyuma na kuwaeleza askari habari za mama zao.

Sultani alikuwa ameketi upande upande juu ya mto wa hariri, uso umemvimba kwa maumivu. Waziri akashitaki, akalionyesha pera lililong'atwa. Sultani akauliza, "Ewe Kombo, ni kweli umekula kitu kibichi?"

"La, maulana. Nimekula pera, nalo limeiva."

"Limeiva katika jiko la nani?"

"Katika jiko la mpera, bwana wangu. Uligonge kwa kidole, ulinuse, ulitazame rangi. Wewe ulisema kila kiliwacho kiive, nami nikangoja wiki nzima pera hili liive. Nimekuwa mtiifu mpaka nimechoka."

Watu wa barazani wakaangalia chini wasicheke. Waziri akanena kwa pupa, "Maulana, huyu anakuchezea! Tena nilimsikia kwa masikio yangu akisema umefunga choo, ati utafutiwe ufunguo!"

Sultani akageuka mwekundu, kisha kijivu, na tumbo likamkata akakunja uso.

"Vema," akasema. "Wewe wasema chakula chaiva pasipo jiko. Basi kesho adhuhuri utaniandalia chakula cha mchana. Usiwashe kuni wala makaa, na watu wangu wakiona moshi kwako, umekwisha. Nami naapa, sitatia kitu kinywani mpaka nile chakula chako. Kikiwa kimeiva chote, umeokoka. Likiwamo hata tonge moja bichi, mpera wako utakuwa wa kwanza kuanguka, kisha kiunga chote, nawe na mkeo mtatoka katika mji huu kabla ya alasiri."

Kombo akasujudu, akatoka. Njiani Mize hakusema neno, na hapo ndipo Kombo alipojua kwamba mambo ni mazito. Walipofika nyumbani akaenda akauegemea mpera wake, na kwa mara ya kwanza mzaha ulimtoka.

"Mize, nimeponzwa na ulimi," akasema.

"Ulimi umekuponza, na ulimi utakuponya," akajibu Mize. "Lakini kesho usinisahau na mimi. Matunda ni yako, kachumbari ni yangu."

Siku ya pili, jua lilipofika utosini, Sultani alikuwa na njaa iliyomfanya aone nyota. Sinia halikuja. Akatuma mtu, na mtu akarudi na jibu: "Kombo anakusalimu, maulana, anasema mvumilivu hula mbivu. Chakula ki tayari, lakini jiko lake lina mizizi, halichukuliki. Anakuomba ufike mezani kwake."

Sultani akakasirika, ila njaa haina kiburi. Akabebwa kwa machela mpaka penye njia ya kiunga, na njia ile ilikuwa nyembamba, machela isipite, basi ikambidi ashuke aende kwa miguu, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya kutawazwa. Akafika anahema, na nyuma yake Waziri na wale askari wa mashoka.

Pale chini ya mpera palitandikwa mkeka. Palikuwa na papai lililopasuliwa, jekundu kama kaa la moto, palikuwa na ndizi zenye madoa, machungwa, na mapera yaliyojaza hewa harufu. Katikati likawekwa bakuli kubwa la kachumbari, nyanya na vitunguu na matango, limekamuliwa ndimu. Moshi haukuwapo popote.

Sultani akakata kipande cha papai, akakitafuna kwa mashaka. Akakata cha pili. Waziri akauliza, "Limeiva, maulana?" na Sultani akajibu kwa mdomo uliojaa, "Limeiva." Ndizi? Zimeiva. Chungwa? Limeiva. Pera je? Sultani hakujibu, alikuwa akichuma la pili mwenyewe kwa mkono wake wa kisultani, amesimama kwa ncha za vidole. Kombo akamtazama Mize, na Mize akatazama juu kama hahusiki.

Hata mkono wa Sultani ulipokwenda kwenye bakuli, Waziri akaruka. "Simama, maulana! Nyanya zimeiva, nakubali. Lakini tango hili je? Tango likiiva huwa manjano, kila mtu anajua. Hili ni la kijani. Hili ni bichi!"

Sultani akautoa mkono. Akalitazama tango kwa uchungu, maana alilitamani, lakini kiapo ni kiapo. "Kombo," akasema taratibu, "hapa pana tonge bichi." Na askari mmoja akaenda akasimama kando ya mpera, akatemea viganja vyake mate.

Kombo akalitazama shoka. Akajikaza, akasema, "Bwana Waziri anajua mbivu na mbichi. Kweli, tango lilipotoka tutani lilikuwa bichi. Ndiyo maana mke wangu akalipitisha motoni."

"Moto upi?" akafoka Waziri. "Moshi hatukuuona!"

"Ulikatazwa moshi, tukatii. Huu ni moto usio na moshi. Bwana Waziri na aonje mwenyewe. Akisema hapana moto humu, shoka na lianze kazi."

Waziri Burhani akacheka. Akavua pete, akachota kachumbari konzi nzima, akaitia kinywani ili aumalize ubishi kwa mara moja. Hakujua kwamba Mize alikuwa ameipasulia pilipili kichaa, zile ndogo zisizo na adabu, na kwamba upande wa bakuli uliomwelekea yeye zilikuwa nyingi zaidi.

Akatafuna. Akatabasamu. Kisha tabasamu likasimama. Macho yakamtoka, jasho likamwagika, pua ikafuata jasho. Akajua kwamba akisema neno moja tu ameshindwa, basi akafumba mdomo kwa mikono miwili, akajizungusha, akakanyaga kilemba chake mwenyewe. Mwishowe ulimi ukamsaliti.

"Moto!" akalia. "Moto, jamani! Naungua! Maji!"

"Shahidi amesema, maulana," akanena Kombo. "Na kilichopita motoni kimeiva."

Sultani akafungua kinywa ahukumu, lakini kabla hajatoa sauti, tumbo lake likaunguruma. Halikuwa lile guno la siku ya dua. Hili lilikuwa kama ngurumo ya masika inayokuja na mvua yake. Sultani akainuka ghafla, uso umebadilika, akauliza neno moja tu.

"Wapi?"

"Nyuma ya ua wa makuti, bwana wangu," akasema Mize, akashika adabu kwa mara ya kwanza maishani. "Kopo la maji limo."

Sultani akaenda kwa mwendo ambao wazee wa mji hawakuwahi kuuona. Akakaa huko. Watu wakangoja. Waziri, ulimi nje, hawezi kusema, akawa anawaashiria askari wakate mpera, lakini hakuna aliyethubutu pasipo neno la Sultani. Kombo akaweka kiganja kwenye shina la mti wake akakiacha pale, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Hata Sultani akatokea. Alitembea polepole, uso wake haukusomeka, na machozi yalikuwa machoni mwake. Akasimama mbele ya askari wenye mashoka, akainua mkono, akanguruma, "Kateni!"

Kombo akafumba macho. Shoka likainuliwa.

"Kateni papai jingine!" akamalizia Sultani, na kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi. "Kombo, ewe Chechele, ufunguo nimeupata! Omba utakalo, nitakupa."

Kombo akafumbua macho, akauona mpera umesimama, na ulimi wake ukamrudia wote. "Mimi sina haja, maulana," akasema. "Mwenye haja ulikuwa wewe, nawe umekwenda."

Sultani akacheka mpaka akaketi juu ya mkeka, akacheka mpaka askari nao wakacheka, na hata Waziri akajaribu, ikamwuma. Basi jioni ile mpiga mbiu akatoka tena, safari hii akiwa ameambiwa na Sultani mwenyewe, sikio kwa mdomo: kilichoivishwa na kuni kimeiva, na kilichoivishwa na jua kimeiva, na miti ya matunda isiguswe na shoka. Kombo akapewa kazi ya kupeleka ikulu kila adhuhuri sinia la matunda na bakuli la kachumbari, viliwe kabla ya biriani, na Mize, ambaye hakusema kuwa hana haja, akaomba ng'ombe akapewa. Waziri Burhani hakufukuzwa. Alipewa cheo kipya, cha kuionja kachumbari ya Sultani kila siku na kuwatangazia watu kama imeiva.

Nami hekaya yangu nimeiivisha kadiri nilivyoweza. Anayeiona tamu na ale, na anayeiona bichi aianike juani.