Kompyuta ya Gemu na Kiti cha Pili

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine. Isome mpaka chini, kisha mpelekee yule unayeona itamfaa.

Palikuwa na duka la kompyuta mjini Morogoro, na nyuma yake karakana yenye mafundi wawili. Mwenye duka, Bwana Hilali, alikuwa anafungua tawi Dodoma. Alitaka kumwachia mmoja wa mafundi hao funguo za karakana awe fundi mkuu.

Fundi wa kwanza aliitwa Leokadia. Alikuwa na miaka sita hapo dukani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yake ilikuwa kusafisha printa. Wateja walimwita Fundi Printa, naye aliitikia, ingawa jina hilo hakulipenda hata siku moja. Funguo zile alizitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote pale kazini.

Wa pili aliitwa Shomvi. Alikuwa na miaka miwili tu, lakini alijua kwa kichwa nguvu ya kila prosesa na kila kadi ya picha iliyokuwa kwenye rafu. Ukimwamsha usingizini angekutajia.

Jumatatu moja Bwana Hilali aliwaita wote wawili.

"Kuna mteja anaitwa Mzee Chambuso, dereva mstaafu. Anataka kompyuta ya gemu. Kila mmoja wenu ataunda moja. Rafu zote ziko wazi, chagueni vifaa mnavyotaka. Bei tumeshamalizana, haibadiliki. Jumamosi atakuja kuzijaribu zote mbili. Atakayechaguliwa mashine yake ndiye nitakayemkabidhi funguo."

"Mzee anacheza gemu?" Shomvi aliuliza, akicheka.

"Ya malori. Ile ambayo vijana wameitengenezea barabara za kwetu."

Shomvi alimpigia mteja simu papo hapo. Alimuuliza swali moja: kioo chake ni inchi ngapi. Alipojibiwa, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Alichagua kadi ya picha kubwa kuliko zote, prosesa ya kwenda nayo sambamba, na kasha la vioo pande tatu lenye feni ndogo tisa za kuwaka rangi. Siku hiyo hiyo, kabla ya duka kufungwa, mashine yake ilikuwa inameremeta kama ukumbi wa harusi.

Leokadia alichukua futi ya kupimia akaenda nyumbani kwa mteja, kule Kihonda. Alitaka kujua ukubwa wa meza. Kasha lisilotosha mezani lilikuwa limemwaibisha mara moja, na hakutaka kurudia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Bi Sikudhani, mgeni huyu, lete chai!"

Ilikuja chai na mihogo ya kuchemsha, na pamoja navyo yakaja mazungumzo. Mzee Chambuso alikuwa ameendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka goti lilipokataa klachi. Alisimulia mizani, mipaka, na tairi zilizopasuka. Alipofika kwenye mlima wa Kitonga akaweka kikombe chini.

"Ukungu ukishuka pale, macho hayana kazi. Nilikuwa nashusha kioo cha mlango, nasikiliza injini. Ikilia mmmm, hiyo ni gia ya nne, iache. Ikianza kukoroma, tia ya tatu, usingoje. Ukingoja umerudi kinyumenyume."

Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa amekaa mlangoni akimenya vitunguu.

"Usimsikilize sana huyu," alimwambia Leokadia. "Miaka thelathini na mmoja mimi hilo lori nililisikia likiondoka tu. Mlangoni pake wameandika, marufuku kubeba abiria."

"Kampuni ilikataza," Mzee akasema.

"Nami nilikuwa abiria?"

Wote watatu wakacheka. Leokadia akapima meza. Mbele yake palikuwa na viti viwili, na cha pili kilibana nafasi ya kuweka kasha.

"Hiki tukisogeze ukutani, Mzee."

"Hapana. Hicho kiache."

Leokadia akaandika kwenye daftari lake: meza mita moja na robo, kiti cha pili hakisogei. Kisha akaaga.

Dukani alikuta kadi moja tu imebaki iliyofanana na ile ya Shomvi. Aliichukua. Akachukua na kasha la vioo, kwa kuwa hakuona sababu ya kumwachia mwenzake uzuri. Kufikia Ijumaa mchana mashine mbili zilikaa mezani kama mapacha.

Akawasha ile gemu kuijaribu. Jua la Morogoro lilikuwa limepiga bati la karakana tangu asubuhi. Lori lilipoanza kupanda mlima, kadi ikapata moto, feni zote zikaongeza mbio, na chumba kikajaa mvumo. Muuza kahawa aliyekuwa amesimama mlangoni akasema neno.

"Unasemaje?" Leokadia akapaza sauti.

"Nasema, mmefungua mashine ya kusaga?"

 Leokadia akageuka, akatega sikio kwenye spika. Alisikia feni. Injini ya lori hakuisikia kabisa.

Akazima. Akachukua bisibisi, akaanza kufungua alichokifunga wiki nzima.

Aliivua ile kadi kubwa akairudisha kwenye rafu. Akachukua ya kawaida, isiyopata moto upesi. Akaacha kasha la vioo, akachagua la chuma lenye matundu mbele, akalifungia feni mbili pana zinazozunguka polepole. Akaweka pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme, yenye nguvu kuliko mahitaji, ili isitokwe jasho na feni yake isiamke. Mwisho akachagua spika mbili za mbao, nzito, zilizokuwa zimekaa stoo kwa sababu hazina taa.

Shomvi alikuwa amesimama nyuma yake na mikono kiunoni.

"Dada Leokadia, unaivua kadi ile? Watu wanaiota usiku, wewe unairudisha rafuni?"

"Ina kelele."

"Pikipiki nayo ina kelele, mbona watu wanapanda? Haya. Fundi Printa kaunda printa."

Jumamosi saa nne asubuhi duka lilijaa. Mzee Chambuso alikuja na shati la kazini la zamani, lililopigwa pasi. Bi Sikudhani alikuja na kanga mpya. Bwana Hilali alikuwa ameunganisha usukani wa gemu, klachi laini ya kumhurumia mzee goti lake, na mti wa gia.

Kwanza alipima mwendo wa picha kwenye kioo. Mashine ya Shomvi ilitoa picha mia na arobaini kwa sekunde. Ya Leokadia ilitoa sitini na moja. Watu wakapiga makofi, na mmoja akampa Shomvi mkono kabisa.

"Una la kusema?" Bwana Hilali alimuuliza Leokadia.

"Mzee bado hajaendesha," alijibu.

Mzee Chambuso alianza na mashine ya Shomvi. Barabara ikatokea mbele yake, na kila jani la nyasi likionekana.

"Ee! Hata nzi kwenye kioo cha lori!"

Alipita Mikumi, akafika chini ya Kitonga, akaanza kupanda. Feni zikaanza kuvuma. Mzee akainamisha kichwa upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Akangoja. Lori likakoroma bila yeye kulisikia, injini ikazimika, likarudi kinyumenyume. Akajaribu tena. Likazimika. Mara ya tatu, likazimika.

"Mzee, angalia mshale wa injini, pale chini kulia," Shomvi akasema.

"Mwanangu, nikiangalia mshale, barabara ataiangalia nani?"

Watu wakacheka. Shomvi naye akacheka, lakini hakuzubaa. Alikimbilia rafuni akarudi na hedifoni, akamvisha mzee masikioni. Mzee akawasha injini. Safari hii alitia gia ya tatu kwa wakati wake, akaingia kwenye kona, akapanda mpaka juu bila kusimama.

Duka zima likashangilia. Shomvi aliinua ngumi juu. Leokadia alitazama sakafu. Hoja yake yote ilikuwa kelele, na kelele ilikuwa imemalizwa na kitu kinachoning'inia rafuni. Alianza kufikiria printa zilizokuwa zikimsubiri Jumatatu.

Mzee Chambuso alivua hedifoni. Akazigeuza mikononi. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kisha akazitazama tena hedifoni.

"Hizi ni nzuri," alisema. "Na mke wangu atasikia nini?"



"Kompyuta hii sikuiagiza ili nicheze peke yangu," Mzee akaendelea. "Gemu peke yangu nitafanya nayo nini, na umri huu? Nilimwahidi huyu mama kwamba siku moja nitampandisha lori, aione barabara iliyokuwa inanichukua. Kampuni ikakataza, goti likakataza. Nikaona niinunue barabara, niilete mezani."

Bi Sikudhani alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Ahadi ile alidhani mumewe ameisahau.

"Naweza kuleta hedifoni za pili," Shomvi akasema, kwa sauti ndogo.

Bi Sikudhani ndiye aliyemjibu.

"Mwanangu, yeye azibe masikio, nami nizibe, tutaongea vipi? Hiyo si itakuwa yale yale ya miaka thelathini na mmoja?"

Hapo watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe.

Leokadia hakucheka. Alikuwa amekumbuka daftari lake. Alivuta kiti kutoka nyuma ya kaunta, akakiweka mbele ya mashine yake, kando ya kile cha dereva.

"Karibu, mama. Kaa hapa."

Mzee Chambuso akawasha. Nyasi za pembeni zilionekana kama mkeka, na mtu mmoja akasema hivyo. "Kwa miaka yote ile sikulipwa kuangalia nyasi," Mzee akamjibu, akaondoa lori.

Spika za mbao zikaunguruma. Sauti ilikuwa nzito na safi, na feni zile pana hazikutia neno. Kitonga ikaanza, na ukungu ukashuka barabarani.

"Umesikia hiyo?" Mzee akamuuliza mkewe. "Gia ya nne, bado ina nguvu."

"Inalia kama fahali."

"Subiri. Sasa je?"

Bi Sikudhani akatega sikio.

"Sasa inakoroma. Badilisha, mume wangu, inakoroma!"

Mzee akafumba macho kidogo, akaminya klachi, akatia gia ya tatu. Lori likapanda. Kona baada ya kona, mama alikuwa anasema "badilisha," na baba alikuwa ameshabadilisha. Walipofika juu, kila mtu dukani alikuwa akisikiliza injini.

Ukungu ukaisha. Barabara ikanyooka kuelekea Ilula, na kando yake vikatokea vibanda vya watu wanaouza vitunguu kwenye magunia mekundu. Mzee Chambuso akawasha taa ya pembeni, akaegesha.

"Mbona umesimama?" mkewe akauliza.

"Tazama kushoto."

Bi Sikudhani akatazama. Kwa miaka thelathini na mmoja mumewe alikuwa kila safari akirudi nyumbani na gunia moja la vitunguu.

"Kumbe ni hapa," alisema.

"Ni hapa."

Lori lilikuwa likinguruma taratibu. Kisha Mzee akageuka kwa Bwana Hilali.

"Nifungie hii. Na hiki kiti tunapewa nacho, au tukatumie cha nyumbani?"

Bwana Hilali alitoa funguo za karakana mfukoni akampa Leokadia mbele ya wote.

"Ulijuaje?" alimuuliza.

"La injini alinisimulia mwenyewe, na hata hilo nilikuwa karibu kulipoteza. La kiti sikulijua, bosi. Aliniambia kisisogezwe, nikakiandika kama kipimo cha meza."

Shomvi alikuja akampa mkono, na akaupa kwa moyo. Alikuwa kijana wa kuchekacheka, na kushindwa hakukumkaa siku nzima.

"Haya, Fundi Mkuu. Jumatatu unanipeleka kwenye printa, siyo?"

"Hapana," Leokadia akasema. "Kuna mama wa Msamvu anataka kompyuta ya gemu kwa ajili ya saluni yake. Utakwenda kwake."

"Nikapime meza?"

"Ukanywe chai. Meza utapima ukimaliza."

Funzo: Kabla hujachagua kilicho bora, kaa na mtu utakayemchagulia mpaka ujue nani ataketi kando yake.