Mashine Chini ya Dirisha

Sikudhani, mjane wa Korogwe, alikuwa na kiwanja chembamba kilichobanwa na majumba ya tajiri Shekiondo pande zote mbili. Maafisa wa mipango miji walimwambia hajengi mpaka jirani akubali kwa sahihi.

“Sikubali ng’o,” alisema Shekiondo. “Niuzie mimi.”

“Haya, nimekusikia, kaka yangu.”

Kesho yake Sikudhani alishusha mashine ya kusaga unga chini ya dirisha la chumba cha kulala cha tajiri. Shekiondo alikimbilia kwa afisa.

“Pale ni mahali pa makazi, si pa kelele za mashine! Mlazimisheni ajenge nyumba!”

“Jirani ni wewe; utatia sahihi?” afisa alimuuliza.

“Hata sasa hivi!”

Msingi ulianza kuchimbwa jioni ileile. Shemeji yake Sikudhani alipokuja kuchukua mashine aliyomwazima, alishangaa.

“Shemeji, uliazima chuma kisicho na injini?”

“Injini ya nini? Na mimi si nitalala hapohapo?”