Hewa Iliyoshiba Haili Jasho

"Hewa iliyoshiba haili jasho." Ndivyo mama yenu alivyomnong'oneza mjomba wenu jana msibani, mjomba alipoanza kummiminia mfiwa mawaidha, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Chimbuko la methali hii ni Pangani, nyumbani kwa mwanamke aitwaye Yunisi.

Yunisi alizaliwa Kongwa, kwenye joto kavu linalopasua midomo. Akaolewa Pangani na Mhina, na kifungua mimba wake akazaliwa katikati ya joto la kaskazi. Mtoto akatoka harara, vipele vya joto, shingoni hadi kwapani, hata usingizi hapati. Mama Mhina, mkwewe aliyekuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto kama ilivyo desturi, akakaza kanga kiunoni.

"Harara zisiposinyaa, Ijumaa nawachukua wewe na mwanao, mkakae Amani mlimani mpaka masika."

Yunisi hakutaka kuihama nyumba yake mpya wala kumwacha mumewe. Akakumbuka dawa ya kwao: akaloweka kanga, akazitundika madirishani, akamwaga maji sakafuni. Kongwa, chumba cha hivyo hupoa kama ndani ya mtungi. Hapa kikawa kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Mtoto akazidi kulia, naye akazidi kumwaga maji.

"Mwanangu," Mama Mhina akamwambia Mhina mlangoni, "nilidhani umeoa Mgogo, kumbe umeoa kambale!"

Mhina alicheka. Yunisi hakucheka. Alasiri aliishika kanga aliyoitundika asubuhi, akaikamua, ikachuruzika. Kwao kanga hukauka kabla ugali haujaiva. Akagusa mgongo wa mtoto: umelowa vilevile.

"Mama," akasema polepole, "hewa ya kwetu ina njaa. Ukiipa maji inayala, na ikiyala inaondoka na joto. Ya huku imeshinda baharini, imeshiba. Jasho la mtoto italiweka wapi?"

"Nawe na makanga yako unazidi kuilisha!"

"Nailisha, mama." Yunisi akainamisha macho. "Ila kwa heshima zote, nawe unailisha."

Kando ya kitanda, sufuria ya maji ya kukandia ilikuwa ikifuka mvuke.

Kumwambia mkwe hivyo si mchezo, na mzazi hakandwi hadharani. Mama Mhina akaufuata ule mvuke kwa macho mpaka juu, akaona matone yakining'inia kwenye bati. Akamtazama mjukuu.

"Mhina! Sufuria hii ipeleke uani. Na unizungushie makuti, mzazi asionekane."

Kanga zikatolewa, sakafu ikapanguswa mpaka ikakauka. Mhina akafungua madirisha yanayotazamana, akatoboa tundu karibu na paa, hewa ya moto ipate pa kutokea. Upepo ukapita, ukaichukua hewa iliyoshiba, ukaleta nyingine yenye nafasi kidogo. Hiyo kidogo ilitosha. Mgongo wa mtoto ukakauka, akalala na mdomo wazi.

Ijumaa ilipofika harara zilikuwa zimesinyaa. Mama Mhina akafungua kifurushi chake cha safari, akarudisha nguo kabatini. "Amani haihami," akasema, "tutaikuta palepale mlimani."

Tangu hapo, Mhina akirudi kutoka kazini amejaa kero, Yunisi akitaka kumwongezea zake, mkwewe humshika mkono: "Mwache atoe za kwake kwanza, mwanangu. Hewa iliyoshiba haili jasho."

Ndiyo maana jana mama yenu alitaka mfiwa aachwe alie. Akishalia, ndani mwake itapatikana nafasi ya mawaidha ya mjomba. Kabla ya hapo, wajukuu zangu, hewa iliyoshiba haili jasho.