Zimwi na Kasha la Mboza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu, mnisikie vizuri. Alikuwapo mjane mmoja, jina lake Mboza, na bintiye Sikudhani. Walikuwa na kasha, na ndani yake vitu vitatu: shanga za bibi yake Mboza, kofia ya marehemu mumewe, na kanga.

Sikudhani alipenda kuuliza. Akishika shanga, huuliza zilikuwa za nani. Mama humjibu, "Ngoja nimalize kazi." Akishika kofia, huuliza baba alikuwa mtu wa namna gani. "Ngoja nimalize kazi." Habari ya kanga tu ndiyo aliyowahi kusimuliwa, siku alipougua homa na mama hakuwa na kingine cha kumtuliza.

Basi ikaja njaa. Mashamba yakakauka, mbuzi wakafa. Siku moja akabisha hodi mzee mrefu, kikapu cha mtama begani. Kumbe ni zimwi. Alisema hataki fedha, anataka kitu kimoja tu kutoka kwenye kasha. Mboza akamtazama mtoto wake alivyokonda, akatoa shanga. Zimwi akazimeza, gulu, akaenda zake.

Tangu hapo Mboza hakukumbuka kama aliwahi kuwa na bibi.

Mtama ukaisha. Zimwi akarudi, akapewa kofia, akaimeza, gulu, akaenda zake. Mboza akamsahau mumewe. Akawa analipita kaburi lake kama anayepita kichuguu.

Mtama ukaisha tena. Sikudhani akalia, akamsihi mama asitoe kanga.

"Mwanangu," Mboza akasema, "nguo hailiwi."

Zimwi akaimeza, gulu. Safari hii hakwenda zake. Akamnyooshea Sikudhani kidole, akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Mboza akamtazama sana yule mtoto. "Simjui," akasema.

Basi zimwi akamkamata. "Asiyejulikana ni wangu."

Sikudhani akasema, "Mimi ni Sikudhani wa Mboza. Nilizaliwa njiani, mama akitoka kisimani, mvua inanyesha. Alivua kanga ya mabegani akanifunika mimi, yeye akafika nyumbani ameloa chapachapa."

"Nani kakupa hayo? Kanga nimeshaimeza."

"Mama alinisimulia."

Zimwi akamtia kinywani, akajaribu kummeza. Hakupita. Akajaribu mara ya pili, hakupita. Mara ya tatu akamtema chini, akashika njia, wala hakuonekana tena.

Lakini alivyovimeza havikurudi. Mvua zilinyesha, mtama ukaota, na Mboza akamlea yule binti kwa upole, kama mtu anavyomlea mtoto wa jirani aliyefiwa. Kila siku Sikudhani alikaa karibu naye, akamsimulia habari ya kisima, na mvua, na kanga. Mboza husikiliza mpaka mwisho, kisha humpapasa kichwa.

"Pole, mwanangu," husema. "Mama yako alikupenda sana."

Akafa hivyo hivyo, hajui kuwa ni yeye.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wajukuu zangu, kitu cha wazee kikiwekwa kimya, siku moja huliwa. Habari yake ikisimuliwa kwa mtoto, haina wa kuimeza.