Makreti Mia Sita ya Dakta Namsifu

Isome taratibu, halafu mpitishie mwenzako mmoja unayemjali.

Palikuwa na mhadhiri wa chuo kikuu, Dakta Namsifu Mbwambo, aliyekuwa akitafiti safari ya nyanya. Usicheke. Nyanya ina safari ngumu kuliko watu wengi. Inachumwa milimani Lushoto, inafungashwa, inapakiwa kwenye lori, inashuka kona baada ya kona hadi sokoni Tanga. Njiani inapondeka, inaoza, na lori linakunywa mafuta. Dakta Namsifu alitaka safari hiyo isimtie hasara mkulima, wala isiitie hasara ardhi.

Hasara ya kwanza aliyoiona ilikuwa matenga. Kila msimu wanakijiji walikata miti, wakapasua mbao, wakagongelea matenga ya nyanya. Tenga lilisafiri mara moja tu. Likifika mjini, linakuwa kuni. Na miti yenyewe ilitoka kwenye msitu uliotunza chemchemi ya kijiji, ambayo mwaka hadi mwaka ilizidi kuwa nyembamba.

Basi Dakta akaleta makreti mia sita ya plastiki, ya kijani, ya kuoshwa na kutumika tena miaka na miaka. Akasimama mbele ya wakulima akasema, "Nipeni msimu mmoja. Msiguse hata mti mmoja. Makreti haya yatashuka na nyanya, na yatarudi."

Mzee Shekigenda, mwenyekiti wa ushirika, akampa mkono. "Tumekuamini, mwanangu. Misumeno tunaifungia stoo."

Makreti yakashuka. Kurudi ndiko kukawa na kazi.

Wiki ya kwanza yalirudi mia tano. Wiki ya tatu, mia tatu. Wiki ya sita, nyanya zikiwa zimeanza kuiva kwa pamoja, stoo ya ushirika ilikuwa na makreti tisini.

Dakta hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliyapaka namba. Aliyafunga vifaa vidogo vya kuonyesha kila kreti lilipo, na kwenye kompyuta yake akaona nukta zimetawanyika mjini Tanga kama mtama uliomwagwa kwa kuku. Akaandika tangazo, likabandikwa sokoni: "Mwenye kreti la kijani alirudishe mara moja. Asiyerudisha atachukuliwa hatua."

Halikurudi hata moja.

Katika ripoti yake alikuwa na sura nzima juu ya makreti yasiyorudi. Alikuwa na sura nyingine, ndefu zaidi, juu ya malori yanayorudi milimani matupu huku yakichoma mafuta bure. Singano, dereva wa lori la ushirika, alimsaidia kuiandika hiyo ya pili.

"Dakta, mimi nimepakia mbuzi, nimepakia maharusi, nimepakia hata jeneza," Singano alimwambia. "Lakini kupandisha hewa kutoka Tanga hadi Lushoto, kila wiki? Hewa ya kule imeisha?"

Dakta alicheka, akaandika maneno hayo kwenye daftari, akafungua ukurasa mwingine.

Siku ya Jumatatu Mzee Shekigenda alipiga simu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Dakta zaidi.

"Mwanangu, nyanya hazijui kusubiri. Ijumaa tuna kikao. Kama hakuna makreti, vijana watataka ufunguo wa stoo ya misumeno, nami sitakuwa na neno la kuwazuia."

"Nipe mpaka hiyo hiyo Ijumaa, baba. Nakwenda Tanga mwenyewe. Nitayarudisha."

Kesho yake alfajiri, akitafuta kikombe cha chai kabatini, mkono wake uligonga bakuli la bluu la jirani yake, Mama Ombeni. Lilikuwa limekuja na makande, wiki tatu zilizopita. Makande alikuwa ameyala, bakuli amelisugua, limetakata. "Leo pia sina cha kutia," alijisemea. Akafunga kabati, akaondoka.

Tanga aliyakuta makreti yake. Moja lilikuwa kiti kwa kinyozi. Jingine lilikuwa na kuku na vifaranga tisa, na kuku alimtazama kama anayemwambia hapa si kwako. Kila mmoja aliyeulizwa alimwamkia kwa adabu, akakubali kwamba si lake, akatazama pembeni. Dakta akaanza kuwaza neno "wezi", neno ambalo hakupenda kuliwaza juu ya watu asiowajua.

Mwisho akaelekezwa kwa Bi Mwantumu, muuza nyanya mkongwe kuliko wote pale sokoni. Nyuma ya meza yake palipangwa makreti ya kijani, arobaini na mawili, yameoshwa, yamefunikwa kanga yasiingie vumbi.

Dakta alisimama akiyatazama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndiye mimi."

"Niliisoma. Nikasema, huyu mtoto kaandika hajala."

Wauzaji wa karibu wakacheka. Dakta naye alicheka kidogo, kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Bibi, umeyaosha, umeyatunza. Lori la ushirika linapita hapa kila wiki. Kwa nini hukuyarudisha?"

Bi Mwantumu alimkazia macho, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatoki nje bila nguo.

"Niyarudishe matupu?"

"Ndiyo."

"Mimi? Mwanangu, nimelelewa. Tenga la mbao ni takataka, unatupa. Lakini hiki ulichotuletea ni chombo. Watu wananitilia nyanya zao ndani ya chombo chao, nyanya nzima hazijapondeka, halafu mimi niwarudishie kitupu? Wataniitaje huko juu? Mara ya kwanza tulirudisha vivyo hivyo, tukijua ni jambo la siku moja. Lakini wiki nenda, wiki rudi? Nikasema ningoje nipate cha kutia. Nazi kidogo, dagaa, chochote. Lakini nani atanipelekea? Lile lori halijawahi kutuuliza."

"Na wengine?"

"Wengine walingoja kama mimi. Chombo kikikaa kwako sana, unaona haya kukirudisha. Ukiona haya sana, unakifugia kuku." Akatikisa kichwa kumwelekea muuza mayai. "Si ndiyo, Mwanamvua?"

"Usinitaje mimi," alisema Mwanamvua.

Dakta Namsifu akakumbuka kabati lake. Mbele ya macho yake aliliona bakuli la bluu. Wiki tatu limekaa kabatini kwake, safi, na si kwamba alitaka kumwibia Mama Ombeni. Yeye, aliyebandika tangazo soko zima, alikuwa na cha mtu nyumbani, tena kwa sababu ileile.

Kisha akaona jambo la pili, likamfanya ashike kichwa. Sura yake ya makreti yasiyorudi na sura yake ya malori yanayorudi matupu zilikuwa ndani ya ripoti moja, zimetenganishwa na kurasa kumi na nne, na hakuwahi kuziweka pamoja.

"Bibi," alisema, "kule juu nazi moja watu wanagawana nyumba mbili. Dagaa wakifika wamekwisha kabla hawajatuliwa. Ushirika una duka lisilo na kitu. Kama nikiwaletea lori Alhamisi, mtajaza?"

Bi Mwantumu alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Wewe leta lori. Kujaza tuachie sisi."

"Na lile la kinyozi?"

"Langu likienda na nazi likarudi na nyanya, mbele ya macho yake, atalitoa yeye mwenyewe. Atanyoa watu wamesimama."

Ijumaa kikao kilianza bila Dakta. Vijana walikuwa wamekaa karibu na mlango wa stoo. Mzee Shekigenda alikuwa na ufunguo mkononi, akiuzungusha, akisikiliza wasemaji. Kisha akainua mkono watu wanyamaze.

Lori lilikuwa linapanda mlima. Wote waliijua sauti ya lori la Singano likipanda tupu. Siku zote lilikuwa linaruka na kupiga kelele kama debe. Hii ilikuwa sauti nyingine, nzito, ya pole, ya gari lenye kitu mgongoni.

Singano alisimamisha, Dakta akiwa kando yake, akatoa kichwa dirishani. "Njoni mpokee! Nimechoka kubeba hewa!"

Walishusha makreti mia nne na kumi na moja. Ndani mlikuwa na nazi, dagaa, chumvi, ndimu, na katika moja, mayai yaliyofungwa kwa majani, bila jina la mpelekaji. Dakta alilitambua kreti lile kwa namba yake, akacheka peke yake.

Mzee Shekigenda aliokota nazi, akaitikisa sikioni, akasikia maji. Akarudisha ufunguo mfukoni. "Haya," aliwaambia vijana, "msikae. Watu wameturudishia vyombo vimejaa. Nendeni mkachume."

Kabla msimu haujaisha, makreti mia tano na themanini yalikuwa njiani, yakishuka na nyanya na kupanda na nazi, na lori halikupanda tena tupu. Dakta alizifuta zile sura mbili, akaandika moja, fupi kuliko zote. Na pale watafiti wanapotaja waliowafundisha, jina la kwanza lilikuwa la Bi Mwantumu, muuza nyanya.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile aliyotoka Lushoto, hata mizigo hajatua, Dakta Namsifu alifungua kabati, akalijaza bakuli la bluu nyanya, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Mama Ombeni alifungua, akatazama bakuli, akamtazama mwenyewe.

"Mama Ombeni, nisamehe. Nimekaa nalo sana."

"Nilijua litarudi," alisema Mama Ombeni, akilipokea kwa mikono miwili. "Ingia. Makande yako jikoni, na sufuria ni kubwa."

Funzo: Chako kisiporudi, usiwahi kumtafuta mwizi. Huenda aliyenacho anaona haya kukirudisha kitupu. Mfungulie njia ya kukijaza, naye atakuletea kabla hujakidai.