Siku Nyamizi Alipovunja Visu vya Watu

Jamani, hiki ninachotaka kuwasimulia hamtakiamini. Mwanamke mmoja kaka yake amenasa juu ya mti, nyuki wanamzunguka, anahitaji kisu, tena sasa hivi. Yule mwanamke akafanya nini? Akaanza kuvunja visu. Visu vizima, vya watu! Mimi niliposikia mara ya kwanza nilisema, subiri Bibi, rudia hapo, sijaelewa.

Methali yenyewe ni hii: Makali hunolewa, msuka hauongezwi.

Tuliisikia kwa Bibi Kalunde, nyumbani kwake huko Sikonge. Binamu yangu Mihayo alikuwa amepata kazi ya kuzunguka porini na watu wa misitu, akawa anatafuta kisu cha kwenda nacho. Simu ninayo mimi, tunapitia picha. Hiki kinang'aa. Hiki kina meno mgongoni. Hiki kinakunjwa, unatia mfukoni. Kile kirefu kama mkono wa mtu. Kila tukikubaliana kimoja tunaona kingine kizuri zaidi, mpaka ikafika mahali hatujui tena tulianza kutafuta nini.

"Huyu muuzaji anasema chake kinanyoa ndevu," Mihayo akasema.

Bibi alikuwa anachambua karanga pale pembeni. Hakuinua hata kichwa. "Kwani unakwenda porini kunyoa ndevu?"

Tukacheka. Ndipo akaitoa hiyo methali, polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Msuka ndio nini, Bibi?" nikauliza.

"Ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kisu kinao, jembe linao. Haya, kwenye hilo lisimu lako unauona?"

Nikaikuza picha. Nikaikuza tena. Mpini ninauona, makali ninayaona, msuka wapi! Bibi akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga. Akasema kama tunataka kujua maneno hayo yalikotoka tukae, tusimkatize. Mihayo akakaa. Kutokukatiza ndiko kulikotushinda.

Basi chanzo chake ni hiki.

Zamani, kabla Bibi hajazaliwa, watu wa kijiji cha Kasisimwe walikuwa warina asali. Kila kiangazi wanaume wanahamia msituni, wanapiga kambi, wanapanda kwenye mizinga yao. Na walikuwa na desturi moja. Siku ya kuingia kambini kila mwanamume anatoa kisu chake na kujinyoa malaika ya mkono mbele ya wenzake. Kisu kinachonyoa safi, mwenyewe anashangiliwa na ndiye anayepanda mti wa kwanza. Kisu kinachokwaruza, mwenyewe anatumwa kuni. Yaani ukikutana na mwanamume wa Kasisimwe kiangazi, mkono mmoja umenyolewa kama kichwa cha mtoto mchanga.

"Kwa hiyo walikuwa wanachagua kisu kwa kunyoa?" Mihayo akadakia.

"Nimesema msinikatize. Ndiyo."

Mafundi nao hawakuwa wajinga. Wakaona watu wanataka makali tu, wakawa wanafua visu vyembamba kama jani. Na kwa sababu hakuna aliyeuliza kilichomo ndani ya mpini, wakawa wanapunguza chuma humo humo. Juu wanavika ngozi ya kenge, wanazungushia waya wa shaba. Kitu kinapendeza mpaka unaona haya kukitumia.

Mwaka huo aliyenyoa vizuri kuliko wote alikuwa Kasanda. Akashangiliwa, akapewa mti wa kwanza, mti wa aina ya mtundu, mrefu, ulionyooka, mzinga wa gogo umetundikwa juu kabisa kwenye panda. Akapanda kwa kitanzi cha kamba, mwenge wa magome unafuka moshi, akauchomeka mwenge penye panda karibu na uso wake ili nyuki wakae mbali. Akaanza kazi.

Dada yake Nyamizi alikuwa amefika kambini asubuhi hiyo kuleta unga. Amefunga mzigo wake kurudi nyumbani, mara akasikia mti unalia. Kaa! Tawi lililobeba mzinga limepasuka. Kamba moja ya mzinga imekatika, gogo zima limebingirika na asali yake yote, likambana Kasanda mkono wa kushoto kwenye panda.

Kasanda akapiga kelele mara moja tu. Halafu akachomoa kisu chake kwa mkono wa kulia. Akakipenyeza kati ya gogo na mti, akakipinda apate upenyo wa kutoa mkono. Alipopinda tu, mpini ukachomoka. Chuma kikaanguka chini majanini. Yeye kabaki ameshika mpini mtupu, anautazama kama mtu aliyeshikishwa muhogo msibani.

"Nini kimetokea?" akauliza. Anauliza huko juu, anatuuliza sisi wa chini!

Ndivyo Bibi alivyosema, "sisi wa chini", kana kwamba alikuwepo.

Sasa pale chini kulikuwa na wanaume wanne. Mzee Lugusha, mkuu wa kambi. Sizya, mume wa Nyamizi, ambaye siku ya kunyoa alijikwaruza mpaka damu akatumwa kuni. Na ndugu wawili, Kapela na mdogo wake Misana. Wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Nitapanda nimtoe!"

"Upande wapi? Tawi limepasuka, mkienda wawili mnashuka wawili!"

"Mpelekeeni shoka!"

"Shoka atalizungusha wapi na mkono mmoja?" Kasanda mwenyewe akajibu kutoka juu. "Nipeni kisu! Kisu cha kubandulia gogo!"

"Panga basi."

"Refu mno, halitaingia hapo. Kisu, jamani!"

Kapela akatoa kisu cha kukunja alichonunua kwa Mwarabu mjini. Lugusha akampiga kofi mkononi. "Kikijikunja na vidole vyake ndani? Weka huko!"

Njia ya kumfikishia ilikuwepo. Kasanda alikuwa na kamba ya kushushia asali, ncha moja amefunga kiunoni, nyingine imening'inia mpaka chini. Ukifunga kitu anakivuta. Lakini anavuta kwa mkono mmoja na meno, kidogo kidogo, na kila akivuta tawi linalia. Halafu ule mwenge. Moshi ulikuwa umeanza kuwa mwembamba, na nyuki wanazidi kushuka. Kila mtu aliona hilo bila kuambiwa. Kisu kimoja kitapanda. Cha pili hakitakuwa na wa kukivuta.

"Tumpelekee changu," Lugusha akasema. Akatoa kisu chake chenye waya wa shaba. "Hiki kimeninyoa miaka na miaka."

"Cha Kasanda nacho si kilinyoa?" Nyamizi akauliza.

Wakamgeukia. Walikuwa wamesahau kwamba yupo.

"Wewe mke wa watu, haya mambo ya wanaume."

"Baba Lugusha, naomba tu nikione."

Akapewa. Labda kwa sababu ya ile haraka, labda mzee alidhani anataka kukifunga kwenye kamba. Nyamizi akakigeuza, akakitikisa, akakigonga kwa ukucha. Haoni kitu, hasikii kitu. Kisha akapiga magoti, akauweka mpini juu ya jiwe, akaokota jiwe jingine, akaupiga. Pa!

Mpini ukapasuka. Ngozi ya kenge huku, waya kule. Ndani mmejaa nta, na ncha ya chuma iliyochomekwa kwenye nta ni fupi kama jino la mtoto.

Lugusha akaokota ile ngozi ya kenge, akaigeuza huku na huku.

"Amerukwa na akili," Kapela akanong'ona. "Mshikeni!"

Lakini kisu cha Kapela kilikuwa kimelala pale pale, alikiweka chini alipotafuta kile cha kukunja. Pa! Nta tena. Msuka kama ukucha.

"Dada!" Kasanda akaita kutoka juu. "Mnafanya nini huko? Mbona mnagonga?"

"Navunja visu!"

"Unavunja nini?"

"Visu!"

"Nilisema nipeni kisu!"

"Nyamizi!" Sizya akamshika bega mkewe. "Unatafuta nini? Niambie nikusaidie."

"Sijui!" Analia sasa, machozi yanaanguka kwenye jiwe. "Mimi mwenyewe sijui, mume wangu. Jembe nikinunua nalinunua bila mpini. Naushika msuka wake, naupima na mti nitakaoutia. Ninyi visu mnanunua vimeshavaa nguo. Nitajuaje? Nataka nione tu!"

Sizya akautazama mti. Akautazama moshi. Akachomoa kisu chake kiunoni, kile kilichomkwaruza, akampa.

Hakikuwa kirefu wala kifupi. Ukikilaza juu ya kiganja, chuma kinazidi vidole kidogo. Mgongo wake mnene, rangi yake kama sufuria ya zamani. Nyamizi akakiweka juu ya jiwe. Pa! Mpini haukupasuka. Pa! Ukafunguka, na ndani chuma kilikuwa kinaendelea, kile kile kimoja, kinapungua upana kidogo, kinakwenda, kinakwenda, mpaka karibu na mwisho wa mpini. Karibu. Hakikufika mwisho kabisa.

"Hicho hakikati hata ugali!" Kapela akasema. "Mnataka kumuua mwenzenu?"

Hapo ndipo Misana, yule mdogo mtu, akapiga hatua mbele. Kisu chake bado kizima mkononi, kinameta. "Changu kimenyoa wa pili baada ya Kasanda," akasema. "Na msuka wake umepita mpaka mwisho. Fundi aliniambia. Naapa kwa mama yangu, umepita. Chukueni hiki. Lakini usikivunje! Ukikivunja atakishika wapi?"

Mnaona balaa? Huku kisu butu, umeliona tumbo lake, ni kizuri lakini si kamili. Kule kisu kikali, mwenyewe anaapa kwamba ni kamili, hujakiona. Muda wa kukivunja haupo. Moshi umebaki uzi. Juu kule Kasanda ameanza kupiga uso wake kwa kiganja.

"Kasanda!" Nyamizi akaita. "Nikuletee kikali au nikuletee kigumu?"

"Lete chochote, dada! Mimi huku sielewi kitu!"

Lugusha akaingilia. "Mpe cha Misana. Mtu akiapa kwa mama yake anaaminiwa. Hicho cha mumeo ni butu, binti, butu!"

Nyamizi akalitemea mate jiwe lile lile alilovunjia. Akalaza kisu cha Sizya, akakisugua, shaa, shaa, shaa, upande huu, upande huu, huku wanaume wanamzomea kwamba anachelewesha. Akasema bila kuwatazama:

"Makali hunolewa, wazee wangu. Nayatia hapa hapa mnaona. Msuka ukiwa mfupi nitauongeza kwa nini? Kwa mate?"

Akachana ukingo wa kaniki yake, akauzungushia msuka kwa nguvu, akafunga fundo, akakifunga kisu kwenye kamba. "Vuta!"

Kasanda akavuta. Mkono, meno. Mkono, meno. Tawi linalia. Kisu kikafika. Akakipenyeza pale pale kilipoponyoka cha kwanza, akakipinda. Kikapinda naye, hakikuchomoka. Wote chini wakafumba macho. Wakasikia gogo linaguna, halafu Kasanda anatukana tusi ambalo Bibi alikataa kulitaja, halafu mkono ukatoka.

Alishuka anateleza kwenye kitanzi chake, na moshi ulizimika yeye yuko katikati ya mti. Nyuki wote wa ule mzinga wakashuka pamoja naye. Kambi nzima ikakimbilia mtoni, Mzee Lugusha akiwa wa kwanza. Kasanda alipotolewa majini uso wake ulikuwa kama boga, macho hayaonekani, kifundo cha mkono kimechubuka mpaka nyama. Lakini vidole vyote vinacheza. Akapapasa mpaka akampata dada yake.

"Dada," akasema kwa midomo iliyovimba, "hebu nieleze tena. Ulikuwa unavunja visu kwa nini?"

Nyamizi akamweleza. Kasanda hakuelewa mara ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu akayarudia yale maneno mwenyewe, akayafupisha kwa sababu mdomo ulimuuma, na yakabaki hivyo mpaka leo. Kiangazi kilichofuata hakuna mwanamume wa Kasisimwe aliyejinyoa mkono. Walikwenda kwa fundi, wakamwambia, tutolee visu uchi, mipini tutatia wenyewe.

"Na cha Misana?" nikauliza. "Kweli msuka wake ulipita mpaka mwisho?"

Bibi akachukua ungo wake. "Hakukivunja. Waliomba, wakambembeleza, Lugusha akamwahidi mbuzi. Akakataa. Aliapa vile vile mpaka anazeeka. Wajukuu zake wanaapa mpaka leo."

"Kwa hiyo huenda kilikuwa bora kuliko vyote!" Mihayo akasema.

"Huenda."

"Sasa Bibi, Nyamizi alichagua vizuri au alibahatisha?"

"Alituma alichokiona," Bibi akasema. "Makali hunolewa, msuka hauongezwi."

Mimi na Mihayo tumebishana kuanzia siku hiyo. Yeye anasema mtu akiapa kwa mama yake, na kisu chake kinang'aa namna ile, unampa nafasi. Mimi nasema hapana, halafu usiku nikilala nasema labda. Hebu ninyi mnaosoma mniambie. Moshi umebaki uzi, kaka yako anajipiga uso, mkononi una kisu butu ulichokiona mpaka ndani, na mbele yako kuna kikali ambacho ndani yake hujaona. Wewe ungetuma kipi?